Chanjo, Ushahidi na Sitiari: Wajibu wa Mwanafasihi wa Kiswahili Kitui na Makueni

Utangulizi

Mijadala kuhusu Kiswahili na sayansi imezunguka kwa miaka mingi penye suala moja, nalo ni istilahi. Katika makongamano yetu tumeuliza mara kwa mara iwapo Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kufundishia fizikia, kemia na tiba, na tumejibu kwa kuandaa orodha za maneno. Orodha hizo zina thamani kubwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Baada ya kazi kama hizo, anayedai kwamba lugha hii haina maneno ya maabara anasema asilolijua. Lakini orodha ya maneno haijawa maelezo. Mtu anaweza kulijua neno "kingamwili" na asijue kingamwili hutoka wapi, huamshwa na nini, wala kwa nini sindano moja ya utotoni imkinge mtu hata ukubwani.

Rai ya makala hii ni kwamba pengo lililobaki baina ya Kiswahili na sayansi ya chanjo ni la usimulizi na sitiari kuliko la istilahi, na kwa hiyo ni pengo la kujazwa na sisi watu wa fasihi. Nitaitetea rai hiyo kwa kutumia mfano mmoja mahususi: chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchini Kenya ilijaribiwa kwanza katika Kaunti ya Kitui.

Kitui, mwaka 2013

Mwezi wa Februari 2013, shirika la Gavi lilitangaza nchi 8 ambazo zingesaidiwa kufanya majaribio ya kutoa chanjo ya virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa kifupi kama HPV. Kenya ilikuwa mojawapo, na ndiyo iliyotangulia kuanza. Mwezi wa Mei mwaka huo wasichana wa darasa la nne katika shule za Kitui walianza kuchanjwa. Miaka 6 baadaye, Oktoba 2019, chanjo hiyo ilizinduliwa rasmi mjini Mombasa kwa ajili ya wasichana wa umri wa miaka 10 nchini kote.

Haja ya chanjo hii haihitaji kutiwa chumvi. Aina mbili za virusi hivyo, yaani aina ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi ulimwenguni. Kwa makadirio ya mwaka 2020, Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 wa saratani hii, na zaidi ya wanawake 3,000 wakafariki kwayo. Hao ni mama, shangazi na dada zetu, na wengi wao hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa.

Wasichana wa Kitui waliochanjwa mwaka 2013 sasa ni wanawake wazima. Baadhi yao wana watoto, na siku si nyingi wataulizwa wao wenyewe kama wanakubali binti zao wachanjwe. Swali langu ni hili: watakuwa na maelezo gani ya kuwapa binti zao? Ikiwa walichoambiwa ni "chanjo ni kinga, jitokezeni", basi watairithisha amri bila maana yake. Na amri isiyo na maana huanguka mara uvumi unapoipuliza.

Uvumi nao hatujaukosa. Mwaka 2014 Maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa madai kwamba ilikuwa na homoni ya kuzuia uzazi. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani wakayakanusha madai hayo. Mjadala ulijaa majina ya homoni na matokeo ya maabara, na mama wa kijijini akaachiwa kazi moja tu, ya kuchagua wa kumwamini. Hakupewa nyenzo ya kujipimia mwenyewe. Hilo ndilo pengo ninalolizungumzia.

Sitiari ya askari na kasoro zake

Tunapoeleza kinga ya mwili kwa Kiswahili, tunakimbilia sitiari moja ambayo imekwisha kuzoeleka katika vitabu vya shule, redioni na katika vipeperushi vya zahanati. Mwili ni nchi, maradhi ni adui, na seli nyeupe za damu ni askari walinzi. Sitiari hiyo ni nyepesi kukumbukwa, nami sidai kwamba ni ya uongo. Hata hivyo, mwanafasihi amefunzwa kuiuliza kila sitiari inafichua nini na inaficha nini. Nikiipima hii, naiona ina kasoro tatu.

Kwanza, inaanzia vitani, wakati kazi ya chanjo hufanyika kabla ya vita yoyote. Pili, inasifu nguvu na kusahau utambuzi. Mwili huvumilia mambo mengi ya kigeni, kikiwemo chakula tunachokula kila siku na mtoto aliye tumboni mwa mamaye. Kazi yake ngumu ni kujua cha kuvumilia na cha kukabili. Tatu, na hii ndiyo kasoro yenye madhara, ukishaufanya mwili kuwa boma na kiini cha maradhi kuwa adui, chanjo haina jina jingine ila adui aliyedhoofishwa akaingizwa bomani kwa makusudi. Mzazi akiuliza, "Mbona mnamtia adui binti yangu aliye mzima?" atakuwa ameifuata sitiari yetu hadi mwisho wake. Hofu yake haikuzaliwa na ujinga. Imezaliwa na lugha tuliyompa.

Shahidi mbele ya baraza

Tujaribu basi kusimulia upya, kwa kuazima picha ambayo Wakamba wa Kitui na Makueni wanaifahamu. Katika mila zao, mashauri mazito yaliamuliwa na baraza la wazee lililoitwa nzama. Shauri halikuamuliwa kwa kelele; lilihitaji mashahidi na vidhibiti.

Ndani ya ngozi na misuli yetu kuna seli zenye vijitawi vingi. Wataalamu huziita seli za dendriti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti. Ralph Steinman alizieleza mwaka 1973 akiwa na Zanvil Cohn mjini New York, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, siku 3 baada ya kufariki, kwa kuwa waliomteua hawakuwa na habari za kifo chake. Seli hizi ndizo mashahidi wetu. Huzunguka zikiokota vitu vilivyo karibu nazo. Zikishaokota, huvimeza, huvikatakata vipande vidogo vidogo, kisha huviweka vipande hivyo juu ya protini maalumu inayopanda hadi kwenye utando wa nje wa seli. Hapo kipande huonekana wazi, kama kidhibiti kilichowekwa juu ya kiganja kilichonyoshwa. Kitu kinachotambuliwa na mwili kwa njia kama hiyo ndicho kinachoitwa antijeni.

Shahidi haishii hapo. Hufunga safari kwenye mishipa ya limfu mpaka kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani huitwa mitoki. Tezi hizo ndizo nzama ya mwili. Humo hupita seli T kwa maelfu, na kila moja huweza kutambua umbo la aina moja tu la kipande. Nyingi hupita bila kuona linalozihusu. Hatimaye hufika ile ambayo umbo lake linalingana na kidhibiti kilicho kiganjani.

Hapo pana jambo ambalo sitiari ya askari haiwezi kulieleza kamwe. Seli T haikubali kidhibiti peke yake. Sharti shahidi aoneshe pia alama ya hatari, yaani dalili kwamba kipande hicho kiliokotwa penye tukio. Kidhibiti kikiletwa bila alama hiyo, seli T hufundishwa kuvumilia. Vyote viwili vikiwapo, huanza kuzaana. Baadhi ya watoto wake huzisaidia seli B kutengeneza kingamwili, na wengine hubaki miaka mingi wakiwa kumbukumbu ya baraza. Kirusi chenyewe kikija siku moja, shauri lake litakuwa limekwisha kusikilizwa.

Kila sitiari ina mpaka, na mpaka wa hii yangu ni kwamba wazee wa nzama walitafakari, ilhali seli hulinganisha maumbo tu. Lakini inatufikisha mahali ambapo ile ya askari haifiki: kwenye kitendo cha kuonesha. Chanjo ni kidhibiti kilichopelekwa barazani kabla ya kosa kutendeka.

Kiondo kisichoonekana kwa macho

Mtu atauliza, kama ni suala la kidhibiti tu, kwa nini tusidunge protini ya kirusi ikiwa peke yake? Kwa sababu protini iliyo huru ni ndogo mno, hutawanyika upesi, na mashahidi huweza kuipita bila kuishughulikia. Punje za mahindi zilizomwagika njiani hazifiki sokoni. Zilizo ndani ya kiondo hufika zote pamoja. Ndiyo maana wanasayansi wameunda wabebaji wa kiwango cha nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni moja ya milimita. Chembe zenye upana wa takriban nanomita 20 hadi 200 ndizo zinazofaa zaidi: ni ndogo kiasi cha kupenya zenyewe katika mishipa ya limfu hadi kwenye tezi, na ni kubwa kiasi cha kumvutia shahidi azimeze. Na kwa kuwa chembe hubeba vidhibiti vingi kwa pamoja, na huweza kubebeshwa kichocheo kinachotoa alama ya hatari, vyote viwili humfikia shahidi yule yule kwa wakati mmoja.

Chanjo ya HPV ni mfano wa ajabu wa jambo hili, kwa sababu kiondo chake kimesukwa kwa kidhibiti chenyewe. Mwaka 1991 Ian Frazer na Jian Zhou, wakiwa Queensland nchini Australia, walionesha kwamba protini za gamba la kirusi cha papiloma huweza kujipanga zenyewe na kufanya chembe inayofanana na kirusi. Douglas Lowy na John Schiller wa Marekani wakaiendeleza kazi hiyo. Gamba hilo limejengwa kwa nakala 360 za protini moja, zilizofungwa katika mafungu 72 ya tano tano, nalo lina upana wa nanomita 55 hivi. Magamba zaidi ya 1,000 yangeweza kupangwa kwenye upana wa unywele mmoja. Chanjo iitwayo Gardasil, ndiyo iliyotumika Kenya katika uzinduzi wa 2019, hutengenezewa ndani ya hamira ya jamii ile ile inayoumulia mkate na mandazi, kisha huchanganywa na chumvi ya alumini ili iamshe alama ya hatari.

Ndani ya gamba hilo hamna kitu. Jeni za kirusi hazimo. Haliwezi kuzaana wala kuleta ugonjwa, kama vile vazi la mwizi lililoachwa uani lisivyoweza kuiba. Lakini kwa kuwa nakala zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, seli B hulishika kwa nguvu kwenye nukta nyingi mara moja, na kingamwili zinazotoka hudumu miaka mingi. Huenda hiyo ndiyo sababu dozi moja imeonekana kutosha. Utafiti uliofanyiwa Kisumu, Thika na Nairobi kwa wanawake vijana 2,275, na kuchapishwa mwaka 2022, ulionesha kwamba dozi moja ilikinga maambukizi mapya ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike.

Wabebaji wengine wa jamii hii wamo miongoni mwetu. Chanjo ya malaria ya R21, iliyojaribiwa Kilifi na Bagamoyo pamoja na vituo vya Afrika Magharibi, hubeba kipande cha kimelea juu ya chembe iliyotengenezwa kwa protini ya kirusi cha homa ya ini. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna, zilizoanza kufika Kenya mwaka 2021, hubeba maagizo ya kutengeneza antijeni ndani ya chembe ndogo za mafuta. Wabebaji ni tofauti, lakini kisa ni kile kile: kidhibiti, shahidi, baraza, kumbukumbu.

Je, Kiswahili kinajitosheleza?

Msomaji ataona kwamba maelezo niliyoyatoa hayakuhitaji istilahi zaidi ya chache, na zile nilizozitumia zimekwisha kukaa katika lugha. Sisemi kwamba uundaji wa istilahi ni kazi bure. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu yaliwadhuru watu 317 katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, na 125 wakafariki. Kenya tuliiita sumu hiyo aflatoksini, neno lisilomwambia mkulima lolote. Nchini Tanzania inaitwa sumukuvu: sumu itokanayo na kuvu. Neno hilo ni maelezo tosha. Linamwonya mkulima hata kabla ya afisa wa kilimo kufungua kinywa. Hata hivyo, si kila dhana inakubali kufumbatwa na neno moja namna hiyo. "Antijeni" itabaki antijeni, na itaeleweka kwa kusimuliwa tu.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi: katika vijiji vingi vya Kitui na Makueni, hasa miongoni mwa bibi zetu, lugha ya kwanza ni Kikamba. Nalikubali. Lakini Kiswahili ni daraja bora kuliko Kiingereza kwa anayetaka kufika kwenye Kikamba. Lugha hizi ni ndugu: mti ni muti, nyuki ni nzuki. Matini ya Kiswahili iliyosimulia mchakato kwa vitenzi vilivyo hai, kama kuokota, kumeza, kukata na kuonesha, huhamia katika Kikamba kwa urahisi. Matini iliyofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, iliyojaa nomino ndefu, huvunjika njiani.

Wapo pia watakaosema kwamba mzazi hana haja ya kujua haya yote. Mbona tunatumia simu bila kujua zilivyoundwa? Jibu langu ni kwamba simu huonesha faida yake papo hapo. Chanjo ya HPV hupewa mtoto asiyeumwa, na faida yake huja kudhihirika miaka 20 au 30 baadaye, kwa ugonjwa kutotokea. Katika hali kama hiyo mzazi hana ithibati nyingine isipokuwa maelezo. Tukimnyima maelezo, tumemnyima kila kitu, kisha tunamlaumu kwa kutotuamini.

Wala tusiseme watu wa vijijini hawawezi kuyamudu. Makueni ilisifiwa sana, wakati wa ugavana wa Profesa Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, kwa kuwashirikisha wananchi katika mabaraza yaliyoanzia kijijini, ambako walijadili miradi na bajeti. Mtu aliyejadili bajeti ya kaunti hatashindwa na kisa cha shahidi na baraza.

Mapendekezo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na inampa raia haki ya kupata habari na haki ya afya. Haki hizo hukutana pale mzazi anapotakiwa kuridhia mwanawe achanjwe. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, idara zetu za Kiswahili ziruhusu na zithamini miradi ya uandishi wa kisayansi kwa ajili ya umma, kama zinavyothamini uhakiki wa riwaya. Mwanafunzi anayeweza kuihakiki sitiari katika ushairi anaweza pia kuihakiki katika kipeperushi cha zahanati, na kuandika kilicho bora zaidi.

Pili, kazi hiyo ifanywe bega kwa bega na watu wa tiba. Mwanafasihi akiachwa peke yake atapamba na kupotosha. Daktari akiachwa peke yake atasema kweli isiyosikika. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza, Kitui, kimekaa mahali pafaapo kabisa kwa jaribio la namna hiyo.

Tatu, matini zitakazoandikwa zisomwe mbele ya wazazi na wahudumu wa afya ya jamii kabla ya kuchapishwa, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na maswali yao yaingizwe ndani. Swali la mzazi kuhusu adui lingeulizwa mapema katika kikao cha namna hiyo, sitiari ya askari isingalifika kwenye karatasi bila kuhojiwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba lugha yetu inaweza kumweleza mtu wa Mutomo au Wote jinsi gamba tupu la nanomita 55 linavyoufundisha mwili kumtambua mhalifu asiyejawahi kufika. Waliotunga istilahi wametekeleza wajibu wao. Zamu iliyobaki ni ya wasimulizi. Wasichana wa umri wa miaka 10 watachanjwa mwaka huu pia, nao pamoja na mama zao wanastahili kujua kinachofanyika katika miili yao, kwa lugha wanayoielewa. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Kwa suala hili natofautiana nao: asiyejua maana ndiye hasa wa kuambiwa.